Nyasi Zilizoitwa Tasa

Ipo siku moja ya mwisho wa mvua, katika miaka ya sabini, ambayo hainitoki moyoni, mwanangu. Nilikuwa kijana niliyetoka karibuni chuo cha kilimo, nikapangiwa kazi Kasulu chini ya Bwana Masanja, afisa mifugo aliyekaribia kustaafu. Tulikuwa tumezunguka mabonde hadi Kibondo, tukachimba mashina ya nyasi ndefu yaliyobaki mabichi kiangazi, tukayapanda mlimani, tukang'oa yaliyo dhaifu. Ng'ombe waliyapenda mno. Lakini mashina ya kupasua na kupandikiza hayatoshi kijiji kizima; tulihitaji mbegu.

Mbegu ndiyo haikupatikana. Msimu uliotangulia vibarua walivuna kama wavunavyo ulezi: wakangoja masuke yakauke yote, wakakata, wakapura, wakapata makapi matupu. Basi neno likaenea kutoka kilabuni hadi kisimani kwamba nyasi zile ni tasa. Mwenyekiti wa kijiji akatamka kwamba zisipozaa safari hii, shamba litalimwa muhogo.

"Bwana Majani," mwenyekiti alinitania njiani, "yule mkeo wa mlimani bado tu hajazaa?"

Nilimwendea Bwana Masanja, nikamwambia tukubali yaishe, kwani watu wote wanasema nyasi hazizai.

"Watu wote ndio nani?" akauliza. "Yupo aliyeinama akatazama, au wamepokezana neno kama kibuyu cha pombe?"

"Sijui, mzee."

"Hujui, na unataka shamba lifyekwe. Twende."

Alitandika shuka chini ya shina ambalo masuke yake yalikuwa bado na maua, akayatikisa kidogo tu. Punje zikamwagika. Akaniamuru ning'ate moja: ngumu, imejaa! Moyo ulinidunda kama ngoma. Kumbe ulezi humngoja mvunaji, lakini nyasi hizi huiva kidogo kidogo na kudondosha mbegu papo hapo. Chelewa chelewa, wahenga walisema, utamkuta mwana si wako.

Tukayafunga masuke mafungu mafungu kwa kamba za mgomba, yakiwa yamesimama, na kila asubuhi umande ulipokauka tukayatikisa juu ya shuka. Nilikuwa sitembei, nakimbia kutoka shina hadi shina. Yale machache yaliyoshikilia mbegu zake kuliko mengine tuliyatenga, yawe wazazi wa shamba lijalo.

Mwenyekiti alipopanda mlima na watu wenye majembe, nilimjazia kiganja. Akang'ata punje, akang'ata nyingine.

"Ego," akakubali kwa Kiha. "Zimezaa. Lakini zitaota?"

"Panda mwenyewe," Bwana Masanja akamjibu. "Usingoje kuambiwa na mimi."

Majembe yakateremka bila kugusa udongo. Mvua za kwanza ziliporejea, mwenyekiti alinijia alfajiri, matope hadi magotini, akanivuta mkono bila hata salamu. Kando ya zizi lake ardhi ilikuwa imetobolewa na vichipukizi vya kijani, mstari baada ya mstari.

"Nionyeshe," akasema, "ni wapi tupande nyingine."

Mwanangu, kusikia si kuona, na akili za kuambiwa changanya na zako. Usikiite kitu tasa kabla hujainama ukakitazama kwa wakati wake, si kwa wakati wa mazao uliyoyazoea. Ukishaona, chagua kilicho bora, nacho usikile, kiache kizae.

Mola akupe macho yasiyoazimwa, mbegu yako ishike udongo, na mifugo yako isiijue njaa ya kiangazi.