Pua ya Msagaji

Kazini walimwita Pua, na jina lile alilibeba kifua mbele. Alikuwa msagaji wa mizizi kwenye kituo cha utafiti wa dawa za mimea. Mzizi usiokauka vizuri aliutambua kabla hajaugusa. Ulioota ukungu aliunusa tangu mlangoni. Wenzake wa maabara walikuwa wakimfunga kitambaa machoni, wanampitishia vikopo puani, na hakukosea hata kimoja. Sifa ni kitu kibaya, jamani. Mtu akishasifiwa sana hudhani kila anachokijua lazima akifanyie kazi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kisukari kilikuwa kimemng'ang'ania miaka nenda miaka rudi. Dawa za hospitali hakuziacha, lakini sukari ilipanda na kushuka ilivyotaka yenyewe. Macho nayo yakaanza kufifia, hata kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya mume. Kwa hiyo kituo kilipotafuta wagonjwa wa kujaribia mzizi mmoja mchungu, ambao ulikwisha kushusha sukari ya panya, Pua alimpeleka mkewe mwenyewe.

Dokta aliyeongoza utafiti aliwakalisha chini, akawaeleza kinagaubaga. "Mama, nusu yenu mtapewa dawa, nusu mtapewa unga mtupu wa rangi ileile. Nani kapata nini, hata mimi sijui mpaka mwisho. Na dawa zako za hospitali usiache."

"Sasa unga mtupu wa nini, Dokta?" mama aliuliza. "Mnatuchezea shere?"

"Bila huo hatutajua kama mzizi unatibu au unadhuru."

Neno la mwisho Pua alilisikia, lakini halikumkaa. Mzizi ule aliusaga kwa mikono yake, na vumbi lake alilivuta kila siku. Ungemdhuru nani?

Jioni ile, mkewe alipokuwa ameinamia cherehani chumba cha mbele, Pua alichukua kichupa alichopewa mkewe kituoni, akafungua kapsuli moja juu ya kisahani, akanusa. Akanusa tena. Rangi walikuwa wamepatia, lakini mzizi haukuwemo. Mkewe alikuwa amepewa unga mtupu.

Roho ilimuuma. Watu baki wanapewa dawa aliyoisaga yeye, halafu mke wake analishwa unga! Kanuni ilisema vumbi linalobaki kwenye mfuniko wa mashine lichomwe moto. Pua akaanza kulifunga kwenye karatasi na kulitia mfukoni. Kila mkewe alipoleta kichupa kipya, yeye aliumwaga ule unga kwenye sinki, akazijaza kapsuli vumbi la mzizi kwa njiti ya kiberiti, moja baada ya nyingine, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Na alikuwa na furaha, maskini. Hakuwahi kumfanyia mkewe jambo kubwa kama lile.

Sukari ilishuka kweli. Siku moja mama akatunga uzi mwenyewe, akainua sindano juu kama aliyeshinda kombe.

"Umeona, baba watoto? Bado nimo!"

Pua aligeukia ukutani ili machozi yasionekane.

Kisha miguu ikaanza kuvimba, halafu uso. Mama akawa hataki chakula, anakaa mbele ya cherehani bila kushona. Walipofika hospitali wakaambiwa ni figo.

Siku chache baadaye utafiti ulisimamishwa. Dokta alikuja wodini mwenyewe, akavuta kiti. Pua alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Pole sana, mama. Ule mzizi unashusha sukari, lakini unaharibu figo. Imetubidi tufungue siri tuone nani alikuwa anapewa nini. Wewe ulipangiwa unga. Kwa hiyo figo zako zimeharibiwa na kisukari chenyewe, siyo dawa yetu."

Dokta alipotoka, Pua alishika chuma cha kitanda.

"Kaa, utaanguka," mkewe alimwambia. Akakaa.

"Mke wangu, vile vidonge..."

"Najua."

"Hujui."

"Nilijua tangu kichupa cha pili. Nilianza kucheua harufu ya shati lako la kazini. Miaka yote hii nalifua mimi shati lile. Ulidhani pua unayo peke yako?"

Pua alilia, mtu mzima na mvi zake, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakimtazama. "Sasa kwa nini ulimeza?"

"Si wewe ndiye unayejua mizizi?" Hakumwambia kwa hasira. Alikuwa anajibu tu alichoulizwa, na Pua angeona afadhali angemtukana. Kisha akamsukuma begani kwa mkono wake uliovimba. "Haya, mkimbilie Dokta umwambie kweli, wanitibu kinachoniua. Na ujifute uso kwanza."

Alimkuta Dokta kwenye ngazi, akamweleza yote. Matibabu yalibadilishwa siku ileile, lakini figo hazikurudi, na mama hakurudi nyumbani.