Unene wa Zoubeir

Ndugu yangu Zoubeir aliishi kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, akichochea moto kwenye mtambo wa kuchemshia maua ya langilangi. Alinukia kuliko mabibi harusi wote wa Hell-Ville, na nyumbani kwake hakukuwa na hata kipande cha sabuni. Mimi Echata, dada yake, niliondoka kisiwani mwaka 1979 kwenda kuolewa Mahajanga, wakati Wakomoro wenzangu wengi walikuwa wamekwisha kuukimbia mji huo baada ya yale mauaji ya 1976. Watu walisema nina wazimu. Nilikuwa na mchumba.

Mwaka 1996 Zoubeir aliletwa kwangu na saratani ya tezi. Tezi gani, sikuuliza. Kwetu kaka na dada hawazungumzi mambo ya chini ya kiuno. Akitaka kwenda chooni alisema anakwenda kutazama hali ya hewa. Alitaka jambo moja tu: apate nafuu, arudi kumwoza binti yake Hayrat mwakani, yeye mwenyewe, akiwa amesimama.

Daktari aliyemtibu alikuwa bingwa. Bingwa ni mtu anayekijua kiungo kimoja cha mwili na kuviamkia vingine kwa mbali. Alimpasua, akamdunga sindano, na kila mwezi tulikwenda kuonana naye, mimi nikiwa nimekaa ubavuni mwa ndugu yangu kama polisi.

"Na mkojo?" daktari aliuliza.

Zoubeir alinitupia jicho, akainamisha kichwa. "Alhamdulillahi."

Daktari akaandika kuwa mkojo hauna shida. Mwezi uliofuata, vivyo hivyo. Kumbe ulikuwa ukitoka na povu tele, naye anajua, lakini angesemaje mbele yangu? Na mimi ningetokaje nje? Nani angesikiliza maelezo ya dawa?

Akichoka, tulisema ni saratani. Akijikuna, saratani. Siku alipopoteza miwani, mume wangu Djaanfar alisema sasa imepanda kichwani. Mimi nilimpa vidonge vya maumivu vya sokoni asubuhi na jioni, nikamlisha papa mkavu wa chumvi na achari ya maembe, maana mgonjwa lazima ale. Na kweli, akaanza kunenepa! Mashavu yakajaa, miguu ikakataa kuingia viatuni. Majirani walikuja kumtazama.

"Bi Echata, unampa nini?"

Niliwatajia mapishi yote isipokuwa ya achari. Sijapata kusifiwa vile tangu nizaliwe, na nilifurahi, siwezi kudanganya.

Hatimaye daktari akatangaza kuwa saratani imetulia. Tukafanya maulidi ya shukrani Amborovy, kwa shemeji yangu mwenye ua mkubwa. Zoubeir tulimkalisha katikati, ndani ya kanzu mpya iliyombana, na wageni wakapita mmoja mmoja wakimpapasa mashavu. Yeye hakula. Alihema kama aliyepanda ngazi.

Miongoni mwa wageni alikuwamo Kouraichia, nesi mstaafu, mwanamke asiyependwa kwa sababu hajui kusifu chakula cha watu. Aliinama, akaubonyeza mguu wa Zoubeir kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki pale pale.

"Mkojo wako umepimwa lini?"

"Alhamdulillahi," akajibu Zoubeir.

"Sikuulizi hali, kaka. Nauliza umepimwa lini." Kisha akanigeukia. "Na wewe, tupishe."

Mimi! Katika maulidi yangu! Nilikwenda kusimama jikoni nimefura, nikawakaripia wapishi wasio na kosa. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Vipimo vilionyesha figo zimekuwa zikiharibika kwa miaka, pengine kabla hata ya saratani, na vidonge vyangu na chumvi yangu vikazisukuma zaidi. Daktari alisoma karatasi, akasema kwa upole kwamba figo si fani yake, ila tezi ilikuwa inaendelea vizuri sana. Mashine ya kusafisha damu haikuwapo mjini. Zoubeir akapewa dawa za kutoa maji mwilini, nami nikakatazwa kumpa chumvi na vidonge. Baada ya wiki chache unene wote ukaishia chooni, akabaki mifupa. Lakini alipumua. Alilala chali bila kukohoa, akaanza hata kunitania. Tukafunga safari ya Nosy Be.

Ndugu waliotupokea walipomwona waliangua kilio. Shangazi yetu Zaïnabou akanishika mkono.

"Echata, umemfanya nini mtoto wa watu? Tulisikia amenenepa!"

Hayrat akaolewa. Baba yake alisimama mwenyewe, akamwoza kwa sauti iliyosikika hadi uani kwetu wanawake. Miezi mitatu baadaye akafariki.

Matangani kila aliyeingia alisema saratani haina huruma. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikasimama katikati ya wanawake, nikasema kwa sauti kwamba si saratani, ni figo. Kwamba daktari alimuuliza habari za mkojo mbele yangu kila mwezi kwa mwaka mzima, na mimi sikutoka nje.

Shangazi Zaïnabou aliniziba mdomo kwa kiganja. "Mkojo wa kaka yako, Echata? Mbele za watu? Huna haya?"