Petroli Yenye Ladha ya Mawese

Wiki iliyopita, sokoni Kibondo, kijana mmoja alinifungulia dumu la njano nihakikishe kama ni safi. Mimi dumu silinunui bila kulinusa, na nikishalinusa nalinusa tena, maana pua ikinusa mara ya kwanza huwa na adabu mno. Ndani mlikuwa na harufu ya petroli. Nyuma ya petroli, kwa mbali, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia, mlikuwa na mawese. Nikabaki nimeshika kifuniko.

"Mama, unanunua au unakunywa?" kijana akaniuliza.

Nikamrudishia dumu lake. Wakati ule sikuwa Kibondo tena. Nilikuwa mtoto, nimesimama kwenye gati la mbao ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pembeni ya bibi yangu, Bibi Yozefina, aliyenilea Rungwe Mpya, huko milimani.

Bibi huyu inabidi niwaeleze. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, yeye na dada yake mkubwa, Melania, wameshikana mikono njia nzima ili wasipoteane. Kwenye kambi ya wakimbizi waliishi hema moja. Baadaye Melania akaolewa na mvuvi, akahamia kijiji cha kando ya ziwa ambako barabara haifiki, na Bibi akabaki huku milimani na maharage yake. Uraia walipata wote, lakini nauli ya kuonana hawakuipata mara nyingi.

Na Bibi alikuwa mtu wa kupatana bei. Hata kitu asichokitaka alikipatania. Angeuliza sufuria, akaishusha bei mpaka muuzaji akakubali kwa uchungu, kisha angeirudisha mezani na kuondoka. Nikimuuliza kwa nini, alinijibu, "Ili ajue kuwa inawezekana." Kila nilichonacho leo katika biashara nilikipata kwa kushika upande wa kitenge chake na kusikiliza.

Siku moja simu ilipigwa kwa jirani yetu mwalimu, maana sisi hatukuwa na simu. Aliyepiga alikuwa mtoto wa Bibi Melania. Alisema mama ameacha kula, hospitali wamemrudisha nyumbani, na kama Bibi anakuja, basi aje. Kisha akaongeza jambo la pili: kule mwaloni, kwenye gati la boti, petroli imeadimika. Mwenye boti, anaitwa Baba Zuhura, yuko tayari kumvusha, lakini kila anayekodi aje na petroli yake.

Bibi aliitikia "Ego, ego", ndiyo ya Kirundi, mpaka simu ikakatika. Hakulia. Alikwenda uani akachukua dumu.

Sasa, kwa wasiojua kwetu: dumu la njano kwa watu wa milimani halina kazi moja. Linapanda kutoka ziwani likiwa na mawese, likiisha linachotea maji, likipumzika kwenye maji linabeba pombe ya ndizi. Hili la Bibi lilikuwa la mawese. Akalisugua kwa majivu na mchanga, akalisukasuka kwa maji ya kisimani, akaligeuza kichwa chini, likatoa maji meupe. Nililinusa mimi mwenyewe, nikasema ni safi. Asubuhi za Rungwe Mpya zina baridi, na kwenye baridi mawese huganda kama siagi na kukaa kimya. Mkono wa dumu una uwazi ndani, na humo hakuna kidole wala mchanga unaofika. Hilo hatukuliwaza hata kidogo.

Tulinunua petroli Kasulu, tukapata lori la maharage. Utingo alitaka kutuweka juu ya magunia na kututoza kama tuliokaa mbele.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "juu huku unaniuzia upepo. Upepo hata kwangu upo."

"Bibi, na hilo dumu je? Likilipuka?"

"Likilipuka nitakuwa sina haja ya chenji."

Utingo akacheka, na mtu akicheka mbele ya Bibi alikuwa ameshashindwa. Tukateremka hivyo, dumu limefungwa nyuma kwa kamba, petroli ikichapa huku na huku kila shimo la barabara. Kati yetu lilikuwepo debe la maharage ya njano, yale Melania aliyoyapenda kuliko yote. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyozidi, na mimi nikavua sweta, nikafurahi. Nilidhani tunakwenda kutembea.

Gatini, Baba Zuhura alikuwa mtu mrefu wa Ujiji mwenye kofia iliyofifia, na taratibu zake hazikuwa na mjadala. Kabla ya kujaza mafuta aliteremsha kila mtu kutoka kwenye boti, hata mwanawe. Sigara zikazimwa. Dumu akaliweka chini penye udongo, si juu ya mbao wala ndani ya boti, akalishika kidogo kama anayetuliza mbuzi. Halafu hakumimina kwenye tangi. Alimimina kidogo kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, akainyanyua juani, akangoja.

Ndani ya chupa kulikuwa na wekundu, kama machweo yaliyovurugika.

"Mama," akasema taratibu, "hii si petroli. Huu ni mchuzi."

"Nimeinunua kituoni, nikiangalia kwa macho yangu."

"Kituoni hawana kosa. Dumu lako lilikuwa la nini?"

Bibi alisogea karibu. Akainama, akanusa mdomo wa dumu, na nikaona uso wake unabadilika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu mzima akifikwa na jambo.

"Mawese," akasema.

"Watu wa milimani," Baba Zuhura akasema, bila ubaya. "Huko kwenu yanalala. Kwenye petroli yanaamka. Nikiitia hii, mashine itanizimikia katikati, na katikati hakuna gereji."

"Unayo yako?"

"Ninayo ya safari ya kesho. Ya mtu mwingine."

"Nipe hiyo."

Akamwangalia Bibi, akaliangalia debe. Bila shaka alikwishamsikia akibishana na wapagazi wa pale gatini, kwa hiyo akapandisha bei juu kabisa ili apate pa kushukia. "Debe lote la maharage," akasema. "Na mchuzi wako ubaki hapa, nitautumia kuwashia moto."

Mimi nikajiweka sawa. Nilijua kinachofuata: Bibi angecheka kidogo, angeuliza kama boti nayo inauzwa pamoja, angechukua mzigo na kupiga hatua za kuondoka, polepole, ili aitwe.

Bibi akasema, "Chukua."

Baba Zuhura mwenyewe hakusogea.

"Mama, hujasema kitu."

"Nimesema chukua. Tujaze, twende."

Alijaza bila kuinua macho. Mimi niliona aibu hadi masikioni. Nilikaa ndani ya boti nikiliangalia debe letu likipelekwa kibandani mwake, na moyoni nikasema: leo Bibi amepigwa. Mtu wa ziwani amempiga kwa neno moja tu. Sikuelewa kwa nini aliyekuwa hodari kwa vyote aliacha kuwa hodari kwenye kile kilichokuwa kikubwa. Njia yote maji yalimrukia usoni naye hakujifuta.

Tulimkuta Bibi Melania hai. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka nje, penye kivuli cha ukuta, mdogo kuliko nilivyowahi kudhani mtu mzima anaweza kuwa. Bibi akaketi chini, akamshika mkono. Walizungumza Kirundi cha haraka, cha chini chini. Kisha mgonjwa akaniangalia, akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili yangu, nadhani, au kwa ajili ya mchezo.

"Mmevuka na nani?"

"Baba Zuhura."

"Yule? Yule ni mwizi. Amekutoza nini?"

"Vibaba viwili vya maharage," Bibi akasema. "Alitaka zaidi. Nikamwambia boti yake inavuja, akashukuru."

Bibi Melania akacheka. Kicheko kilimchosha, ikabidi afumbe macho apumzike, lakini alicheka. "Hujabadilika," akasema. "Na yangu? Yale ya njano?"

Mimi nilifungua mdomo. Nimekuwa nikihesabu kila kitu mara mbili tangu nikiwa mdogo, na hesabu hii haikukaa sawa hata kwa mara ya kwanza. Bibi hakunigeukia. Alininyooshea mkono wake wa pili, akanishika goti, akalibana.

"Yako nimeyaacha nyumbani," akamwambia dada yake. "Ni mazito, na mimi sina haraka ya kubeba mizigo. Utayala ukija kwangu msimu huu."

"Oya, hapana, mwaka huu nitakuja kweli," Bibi Melania akasema. "Uyachague. Usiniwekee yaliyotobolewa."

Wakaanza kubishana ni debe moja au mawili.

Alifariki kabla ya Jumapili. Kwa miaka mingi nilihesabu safari ile kama hasara: debe limekwenda, petroli imekwenda, na juu yake Bibi kadanganya, kitu alichonikataza mimi kwa fimbo. Nimekuwa mfanyabiashara ndipo nikaelewa. Mtu asiyepatana ni mtu mwenye haraka. Sokoni tunalijua hilo, ndiyo maana tunamtazama mnunuzi miguuni kabla ya kumtajia bei. Na Melania alikuwa dada yake, na wote wawili walijifunza kupatana pamoja kwenye mistari ya chakula kambini. Angesikia kwamba Yozefina ametoa debe zima bila neno, asingehitaji daktari wa kumwambia amebakiwa na siku ngapi. Kwa hiyo Bibi alitoa bei yote gatini, akanyamaza, na alipofika akampa dada yake yule Yozefina wa kila siku, mbishi, asiye na haraka, mwenye msimu mzima mbele yake.