Ukuta Mbichi wa Kate

Nilipelekwa Ufipa kwa sababu wenzangu wote karakanani Dar es Salaam walikuwa na udhuru. Mmoja mgongo, mwingine mkewe mjamzito, wa tatu kasema kifua chake hakitaki baridi. Mimi sina bahati ya udhuru. Hata darasa la sita waliponitoa shuleni, nilikosa la kujitetea. Nikaambiwa nichukue mashine ya kupulizia saruji, niende kijiji kimoja karibu na Kate nikatengeneze mabamba ya kuta za wodi ya wazazi kabla mvua haijaanza.

Mbeya nilifika kwa treni. Kutoka pale nikapata lori la Salumu, kijana wa duka moja mjini Sumbawanga, lori lenyewe la baba yake. Mashine tuliifunga kamba nyuma kama ng'ombe mkorofi. Tunduma tukakosa dizeli, tukalala chini ya lori. Laela tukala ugali na maharage, nikaomba mwingine, mama muuzaji akaniuliza kama Pwani kuna njaa. Nikamwambia Pwani kuna joto, njaa nimeikuta kwake.

Sumbawanga tulishuka jioni, meno yangu yanagongana. Baba yake Salumu akanikaribisha chai, akanitazama nilivyovaa. "Mwanangu, hilo ni shati au chandarua?" Nikamwamkia shikamoo huku natetemeka, akanipa koti lake. Nilirudi nalo Dar, Mungu anisamehe.

Kijijini tulipokewa na Mama Felista, mkunga. Mwanamke mfupi, mikono mipana, maneno hayakai mdomoni. Kabla sijanawa akanishika mkono akanipeleka chumba anachozalishia. Kijumba cha majani, paa limetoboka. "Masika iliyopita nilizalisha hapa, dada mtu kashikilia ngozi ya ng'ombe juu yetu mvua isitupige," akasema. "Mtoto alitoka salama. Mama yake homa ikamchukua. Kwa hiyo fundi, mimi sikuulizi utalala wapi. Nakuuliza utamaliza lini."

Basi kesho yake tukaanza. Kazi yenyewe iko hivi: mashine inasukuma uji wa saruji na mchanga laini mpaka kwenye bomba. Pale mdomoni kuna kisu kinakatakata nyuzi za kioo, nyeupe kama mvi za bibi, halafu uji na nyuzi vinatoka pamoja, pwaa, kama chafya ya tembo. Unapuliza ndani ya kalibu ya mbao, wenzako wanapitisha rola kukandamiza, unapuliza tena. Unapata bamba unene wa kidole gumba, gumu kuliko kichwa changu. Lakini lina sharti moja: wiki nzima lilale, liloe. Likikauka haraka linapasuka.

Na upepo wa kule, jamani! Siku ya kwanza ulinirudishia chafya yote usoni, wanakijiji wakaona mzimu wa kijivu unatukana. Tukajenga ua wa mabua. Mabamba yakitoka tunayafunika majani, tunamwagia maji asubuhi na jioni. Sikuhitaji kumweleza mtu mara mbili. Wafipa majani wanayafukia ndani ya matuta, wanayaacha yaoze msimu mzima ndipo wapande. Kungoja kitu kilichofunikwa ni kazi wanayoijua.

Kuta tatu zikawa zimelala wiki yake. Wa mbele, wenye mlango na madirisha, niliuacha mwisho maana kalibu yake ilikuwa ngumu. Tulimaliza kuupuliza jana, leo akaingia Ndugu Katibu wa Chama kutoka mjini na Landrova.

"Fundi, kesho kuna mgeni rasmi. Nataka ukuta umesimama."

"Kuta tatu ziko tayari, Ndugu. Tusimamishe hizo."

"Za nyuma? Mgeni anapita barabarani! Simamisha wa mbele."

"Huo bado mbichi. Ukisimama kwenye upepo huu utapasuka."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia darasa la sita. Akacheka, wapambe wake wakacheka. Mama Felista hakucheka. "Ndugu Katibu, mgeni akija kesho na mimi nina mimba ya miezi minne, nizalishwe ili apige picha na mtoto?"

"Mama, usilete siasa."

"Siasa umekuja nayo wewe na gari."

Haikusaidia kitu. Wanamgambo wa kijiji wakafunua majani, wakainua mabamba, wakayafunga kwenye nguzo na kuyapaka chokaa. Mgeni akafika, akahutubia juu ya kujitegemea, watu wakapiga makofi. Upepo wa mchana ukapuliza. Mgeni hajarudi hata Sumbawanga, ukuta ukalia kaa! kaa! Pale dirishani ukafunguka mpaka chini. Mimi mtu wa mzaha, lakini siku ile nilipiga teke debe la maji likaenda mpaka kwenye migomba. Nyuzi za kioo zilikuwa zimekwisha. Hazipatikani Sumbawanga, hazipatikani Mbeya, na mawingu yameanza kujikusanya.

Unadhani Katibu aliona aibu? Alirudi na lori. Kasema mradi umeshindikana, kwa hiyo mabamba yaliyobaki yapelekwe mjini yakaziba baraza la ofisi.

Mama Felista alitandika kanga juu ya mabamba yaliyofunikwa, akakaa. Wanawake wakaja mmoja mmoja, wengine matumbo mbele, wakaanza kukaa. Mimi nikapiga kelele: "Msiyakalie, mtayavunja! Kaeni pembeni!" Wakaangua kicheko, wakahamia pembeni, wakayazunguka duara. Katibu akawaamuru wanamgambo wawaondoe. Mmoja wao mkewe alikuwa mle kwenye duara.

"Sogea," akamwambia, sauti ya chini.

"Nisogee niende wapi? Nikazalie kwenye baraza lenu?"

Yule kijana akaenda kukaa ndani ya lori. Lori likaondoka bila bamba hata moja.

Tukasimamisha kuta tatu. Wa mbele wakaujenga kwa matofali ya udongo, usiku na mchana, mvua ya kwanza ikaukuta haujafika madirishani, Salumu alipokuja kunichukua tukaufunika kwa turubai la lori lake. Nikapanda lori nikamwacha Mama Felista anafagia maji mlangoni, anamtukana mtu ambaye hayupo.

Dar es Salaam meneja akaniuliza ripoti. Nikamwambia tulichojifunza ni kwamba nyuzi za kioo zinashinda upepo zikipewa wiki moja, na mkubwa mwenye haraka hakuna zege linalomshinda. Hakupenda.

"Ulipewa vifaa vya kuta nne," akasema. "Mbona naambiwa zimesimama tatu? Wa nne uko wapi?"

"Wa nne, mzee, ulipigiwa makofi."