Kurasa Tupu Kwenye Daftari la Mahubiri la Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mjane, nina watoto wawili, naishi Kibaha. Mume wangu, nitamwita Baba Neema, nilimzidi miaka tisa. Najua mmeshaanza kucheka. Wenzenu walicheka tangu siku ya ndoa na niliwajibu mmoja mmoja. Mimi ni mtu wa kubishana, nimesoma vitabu vingi kuliko wengi wanaonihubiria, na hilo silifichi.

Yeye alikuwa kinyume changu. Fundi wa kuchomelea kwenye kiwanda kimoja Zegereni, mpole, mtu wa Mungu kwelikweli, si wa kuigiza. Aliamka kabla yetu, akaomba kwa sauti ya chini asituamshe, halafu akawapikia watoto uji. Tukitoka kanisani nikawa nayapinga mahubiri njia nzima, ananiambia, "Mama Neema, msikilize mpaka mwisho kwanza, ndiyo umpige." Mwaka jana alipata ajali ya pikipiki akitoka kazini. Alikaa hospitali siku mbili, akafariki.

Kanisani kwetu ushuhuda wake unajulikana na kila mtu: yatima asiye na ndugu hata mmoja, aliyeokotwa na Mungu. Vijana waliokoka kwa ushuhuda ule. Mimi mwenyewe aliniambia hivyohivyo, nikaamini.

Sasa Jumamosi hii ni ibada ya kumbukumbu, na kaburi limeshajengewa. Mchungaji aliniomba niseme neno, nikafungua madaftari ya Baba Neema ya mahubiri nitafute la kusema. Mume wangu aliandika kila ibada: tarehe, mhubiri, andiko, hata mhubiri akiwa anachosha. Lakini kila Jumapili ya tatu ya mwezi kulikuwa na tarehe tu, chini ukurasa mtupu. Jumapili hizo aliniaga kwamba anakwenda kusaidia kanisa changa Chole, kule Kisarawe. Nikamuuliza Mchungaji. Akasema hatuna kanisa Chole, kisha akabadilisha mazungumzo haraka mno.

Basi nikajua ni mwanamke. Mume kijana, mke mzee, mnategemea nini? Aliweza kunidanganya kwa mdomo, kuandika uongo ndiko kulikomshinda. Nilivaa raba, nikaenda Chole kupigana.

Dereva wa bodaboda alipoiona picha ya mume wangu kwenye simu yangu, alinipeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya mzee mmoja mwenye kofia, anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama picha, halafu akatazama raba zangu.

"Umekuja kugombana, mama, au kunywa maji?"

"Nimekuja kumwona mwanamke."

"Mwanamke gani? Hapa nipo mimi na kuku." Akairudia picha. "Huyu mwanangu. Na wewe lazima ndiye yule anayesoma mpaka karatasi iliyofungiwa maandazi."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Mzee akanieleza. Siku mwanawe alipobatizwa, yeye mzee alimwambia, "Mimi kwako nimekufa." Baada ya miaka kijana akarudi na jembe, akalima, akaondoka. Mwezi uliofuata akaja tena. Wakazoeana upya: baba akiswali mtoto anamngoja, mtoto akiomba baba anamngoja. "Nikamwambia alete mke na wajukuu. Akasema, baba, nimeshakuzika mbele ya watu wengi, nipe muda nitafute pa kuanzia."

"Mbona hukuja kumzika?" nikamuuliza kwa ukali.

"Nilipigiwa kwa namba yake mwenyewe. Mwanamume mwenye sauti nzuri akaniambia mwanao amefariki, ila usije, hakutaka, utawavuruga waumini. Nikavaa viatu, nikavua. Nikavaa tena, nikavua."

Ndugu zangu, simu ya marehemu tangu hospitali mpaka tunatoka makaburini ilikuwa mikononi mwa Mchungaji. Ndiye aliyekuwa anawapigia watu taarifa za msiba.

Nilimwendea. Hakushtuka, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mama Neema, aliniomba mwenyewe pale kitandani. Na wale vijana, ukiwaambia haya, wataamini nini tena?"

Aliniomba mwenyewe! Katika siku zile mbili nilitoka chumbani mara moja tu, kununua maji. Kwangu mume wangu hakuweza kutamka zaidi ya neno "watoto". Kwa Mchungaji akapata nguvu ya kumkataa baba yake? Na ni Mungu gani huyo anayehitaji mzee wa watu awe maiti ili kanisa lijae? Jiwe la kaburi limeandikwa "Yatima aliyepata Baba". Maneno aliyachagua Mchungaji, mimi nikayalilia kwa shukrani.

Lakini nisijifanye jasiri. Itakuwaje kama kweli alimwomba? Alinificha miaka yote, naweza kuapa nini juu yake? Nitakuwa nabishana na marehemu wangu, tena mbele ya watoto waliofundishwa naye kusema kweli. Maisha yangu yote nimepigania kushinda. Hili naogopa kulishinda.

Mzee hataki ugomvi. Anasema nimwoneshe tu alipolala, hata akisimama nje ya uzio. Naweza kumpeleka Jumatatu, kimyakimya, kama wezi. Au nimlete Jumamosi, nimkalishe mbele, na neno langu liwe moja: huyu hapa ni baba yake.

Leo asubuhi amenipigia. "Mkwe, kanzu nimeshaifua. Na hao wachumba wangu, umeshawaambia kwamba babu yao yupo?"

Sijawaambia. Nimemjibu mtandao mbovu, nikakata. Nishaurini jamani, maana atapiga tena. Nimwambie siku gani?