Mlango wa Chumba cha Nyuma

Nakumbuka vizuri mchana ule, mwanangu, na hata ningetaka kuusahau wewe hunipi nafasi. Jana ulikuja hapa na mchoro wa nyumba yako kwenye simu, ukanionyesha vyumba vitatu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Cha mwisho kabisa, kisicho na mlango wa nje, ukasema ni cha mama mkwe wako atakapotoka Fizi kuja kumsaidia mke wako akijifungua. Nikakuuliza atapita wapi akitaka kutoka. Ukanijibu bila hata kuinua macho: "Atapita mu chumba yetu, Papa, kisha mu depo ya mafuta. Shida iko wapi?"

Hasira ilinishika, nikakurudishia simu yako. Leo imepungua kidogo, basi nisikilize.

Kabla vita havijatukimbiza ng'ambo ya ziwa, nilijenga nyumba yangu ya kwanza hapa Baraka, si mbali na soko. Nilikuwa fundi wa matofali, kijana, na nilijiona najua kila kitu. Chumba cha nyuma kilikuwa na mlango wa kutokea uani. Niliuziba kwa mikono yangu mwenyewe, kwa matofali na saruji, kwa kuogopa wezi. Dirisha nililiacha dogo, la kupitisha mkono tu. Mzee aliyenifundisha kazi alipita siku moja, akatazama, akaniuliza kama chumba kile ni ghala. Nikamwambia hapana, watalala watu. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Mimi nikacheka, nikasema uzee umemwingia.

Kisha mama yako akakuzaa wewe, na mama yake akaja kumhudumia. Nyanya yako huyo alikuwa mtu wa heshima za zamani. Unajua kwetu mama mkwe hapiti anapolala mkwewe, wala hamtazami akiwa hajavaa. Mimi nililijua hilo kuliko wewe, na bado nikampa chumba ambacho njia yake pekee ilipita kando ya kitanda changu. Kila siku alingoja niondoke ndipo atoke. Nikirudi mapema, alibaki ndani hata kama haja imembana. Mimi nikadhani ni mpole tu. Mjinga gani haoni jambo kama hilo?

Mchana ule wewe ulikuwa na umri wa siku nane. Mama yako alikuwa amekwenda kliniki. Nyanya yako aliacha mbabula ya makaa ikiwaka jikoni, kwenye kibanda cha majani kilichoegemea ukuta wa chumba chake, akaingia ndani kukuogesha. Mimi nilirudi kutoka kazini nimechoka, nikavua nguo kwa sababu ya joto, nikajitupa kitandani. Cheche zikashika majani ya kibanda. Moshi ukaanza kuingia chumbani kwake kupitia nafasi iliyobaki kati ya ukuta na mabati.

Nyanya yako aliinua pazia la mlango wake, akaniona nilivyolala, akarudi nyuma. Akapiga hodi. Akakohoa, akapiga hodi tena na tena, kwa sauti ile ile ya adabu, huku moshi unajaa na wewe unalia. Mimi usingizi ulikuwa umenichukua. Mwishowe alijifunika kitenge uso mzima ili asinione, akakukumbatia, akapita haoni anakokwenda. Akajikwaa kwenye sanduku la vyombo vyangu vya kazi nililoliacha njiani. Alipokuwa anaanguka alijigeuza ili wewe usiguse sakafu, na mkono wake ukavunjika. Kishindo hicho ndicho kilichoniamsha.

Majirani waliuzima moto. Wewe ulikohoa siku mbili, ukapona. Mkono wa nyanya yako uliunga vibaya, haukunyooka tena mpaka alipokufa, na shamba lake la mihogo hakulilima tena.

Jioni aliketi uani, mkono umefungwa kwa vijiti, uso ameugeuzia pembeni.

"Mukwe wangu," akasema, "mi nilikupigia hodi mara tatu. Mutoto alikuwa anakufa mu mikono yangu, na mi niko nawaza haya. Haya yangu haiko mubaya. Ni nyumba yako njo iko mubaya."

Nilitamani anitukane.

Sasa wewe unaniambia wezi ni wengi na kila mtu anajenga hivyo. Najua. Nyumba kama hizo nimejenga nyingi kabla sijapata akili, na nikipita mbele yake naona aibu. Lakini wewe umenizidi. Kati ya mama mkwe wako na barabara umeweka kitanda chako, halafu depo yenye bidoni, madumu ya mafuta unayowauzia wenye pikipiki zinazokwenda Misisi, halafu kufuli ambalo ufunguo wake unatembea nao mfukoni. Kweli, mwanangu? Na ule mkono uliuona kwa macho yako utoto wako wote.

Basi shika haya. Chumba anacholala mtu kiwe na mlango wake wa nje, au kitokee kwenye ukumbi ambao kila mtu wa nyumba anapita saa yoyote. Njia isipite chumbani kwa mwingine, maana huko kuna haya, kuna usingizi, kuna komeo. Isipite jikoni wala depo, maana moto unaanzia huko huko. Na mlango wa kutokea ufunguke kwa ndani bila kumtafuta mwenye ufunguo. Ukiogopa wezi, weka mlango wa chuma wenye komeo upande wa ndani. Mwizi akiiba redio, tutanunua nyingine.

Ukikataa, nitakuja mwenyewe na nyundo niutoboe huo ukuta, hata ukininunia mwaka mzima. Mungu ampe mke wako kujifungua salama, akupe mtoto mzima mwenye pumzi nyingi. Amlinde mama mkwe wako njiani kutoka Fizi, na akishafika kwako, siku akitaka kutoka nje, atoke tu, bila kukupitia wewe.