Grafiti ya Kufuli Mbele ya Tata Mukwe

Bon, muchekeni tu, kwa sababu hata nikinyamaza mutaa wetu nzima wa Dilala unajua kama ni mi njo nilienda kuomba muke na uso unang'aa kama kufuli mupya.

Mi ni fundi wa kufuli. Niko na miaka arobaini na tatu, lakini muchumba wangu Mujinga (ndiyo, Mujinga, kwa Baluba wa Kasai ni jina ya heshima, ya mutoto aliyezaliwa na kamba ya kitovu imemuzunguka shingo, muache kucheka) nilimuambia thelathini na tano, naye akamuambia baba yake, na yule muzee alishaapa kama hatatoa binti yake kwa mutu mwenye kumukaribia yeye kwa miaka. Sasa asubuhi ya kwenda kujionyesha, nikasoma ku telefone kama grafeni inakamata radicaux libres, bile bitu binazeeshaga mwili. Grafeni, grafiti, mi nikaona ni ndugu wa tumbo moja, na grafiti niko nayo kopo nzima, ule unga mweusi tunawekaga mu kufuli zisikwame. Nikauchanganya na mafuta ya mawese, nikapaka, nikangoja saa moja, nikanawa.

Ku mashavu ulitoka kidogo. Mu mikunjo ulibaki wote, kila mukunjo umechorwa, hata ile sikujuaga kama niko nayo.

Kufika kwabo, tata mukwe akaniangalia ule uso mweusi. "Weye ni creuseur?" (Nyumba yake yenyewe ilitoka mu madini anayonunua kwa hao bacreuseur, bachimbaji wa mikono, lakini tuache.)

"Hapana, tata. Ni dawa ya kukamata radicaux."

"Radicaux, bale ba upinzani? Humu hatufanyagi politike."

Mujinga anauzishaga mu farmasi, akashindwa kuvumilia. "Grafeni ni tabaka moja tu, nyembamba sana, ya ile grafiti, na banaijaribu mu bichupa bya laboratware. Nani alikuambia upake ya kufuli?" Halafu akasogea karibu, akaanza kuangalia mikunjo moja moja. "Na ku miaka thelathini na tano, hii yote ya nini?"

Jasho jeusi likanitoka.

"Mujinga," tata mukwe akasema, "simama, enda ulete sabuni."

Mi njo nilisimama.

Muzee alicheka mpaka akashika tumbo. Mujinga hakucheka hata kidogo. Aliuliza mara moja tu, miaka ngapi, nikasema yote arobaini na tatu.

"Arudi juma ijayo," muzee akasema.

"Na karte yake yenye tarehe ya kuzaliwa," Mujinga akaongeza.

Nilirudi, uso mutupu, mikunjo yote hadharani, na niliapa grafiti haitatoka tena mu kufuli. Mujinga akasoma ile karte mbele na nyuma, halafu akaniuliza kama jina, angalau, ni langu.